Mlio Mmoja Mrefu, Miwili Mifupi

Hadithi hii usiisome ukiwa na haraka. Isome umekaa, kisha mpelekee mtu mmoja unayeishi naye nyumba moja.

Kwenye milima ya Rungwe, ambako mvua hunyesha mpaka nguo zinanuka kabla hazijakauka, alikuwepo mwalimu mmoja mstaafu aliyeitwa Asajile. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne. Hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumwita Mwalimu, na yeye aliitikia.

Alikuwa mgane, na Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, Lugano.

Kazi ya Lugano ilikuwa kupiga video. Harusi, kipaimara, ubatizo, mazishi, kote aliitwa yeye. Kwenye kona ya sebule ya baba yake aliunda kompyuta ya mezani kwa mikono yake, kipande kimoja leo, kingine baada ya miezi miwili. Akishapiga video za watu alikaa pale, akakata palipozidi, akaunganisha, akaweka nyimbo. Baba yake alikuwa anasoma gazeti nyuma yake, na hivyo ndivyo walivyokaa pamoja. Hawakuwa watu wa maneno mengi.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, Lugano alikuwa anarudi kutoka harusini. Pikipiki iliteleza kwenye tope. Hakufika nyumbani.

Baada ya mazishi ndipo Mwalimu alipogundua jambo lililomuumiza kuliko yote. Kijana aliyepiga picha za wilaya nzima hakuwa na picha yake mwenyewe. Simu yake ilipotelea kwenye tope siku ile ile. Kwenye picha za watu wengine alionekana mkono tu, au kivuli chake ukutani. Iliyobaki ni ile ndogo ya kitambulisho, amekodoa macho kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Huyo hakuwa Lugano.

Lakini palikuwa na kitu kimoja.

Siku Mwalimu alipostaafu walifanya sherehe pale nyumbani, uwanjani. Lugano alipiga video. Muda wote alikuwa anasema na baba yake kutoka nyuma ya kamera: "Baba, tazama huku. Baba, cheka basi, huu si mtihani." Alipotengeneza ile video ya kugawia wageni, sauti yake aliikata yote, akaweka nyimbo za kwaya. Mwalimu alipomuuliza, alijibu, "Zile za kwanza sijazifuta, Baba. Zimo humu zote." Akaigonga kompyuta ubavuni kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake.

Kwa hiyo sauti ilikuwa mle ndani.

Wiki tatu baada ya mazishi, Mwalimu aliondoa kile kitambaa cha kufuma ambacho marehemu mkewe alifunikia kompyuta, kama alivyofunika redio na viti vyote vya nyumba ile. Akabonyeza swichi. Feni ikaanza kuvuma. Taa ikawaka. Kisha kompyuta ikalia.

Tiiiii. Ti. Ti.

Kioo kikabaki cheusi.

Akazima, akawasha tena. Tiiiii. Ti. Ti.

Alimwita Gwakisa, fundi wa kompyuta wa pale mjini, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Gwakisa aliwasha, akasikiliza ule mlio, akatabasamu.

"Mwalimu, hii inaongea. Mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, maana yake inasema haioni kadi ya picha."

"Kadi gani?"

"Ndani humu kuna kadi inayotengeneza picha na kuzipeleka kwenye kioo. Kompyuta ikiamka kitu cha kwanza inajikagua. Ikiikosa hiyo kadi, inalia. Yenyewe ni nzima, ina akili zake zote na kumbukumbu zake zote. Haioni tu."

"Kwa hiyo kadi imeibwa?"

"Haijaibwa. Huenda imeungua, huenda imelegea. Siwezi kujua mpaka nifungue." Gwakisa akatoa bisibisi mfukoni.

Mwalimu akaweka kiganja juu ya kasha la kompyuta.

"Hapana. Hafungui mtu."

"Sasa Mwalimu, nitaitengenezaje?"

"Kasha hili lilifungwa na Lugano. Skrubu hizi alizikaza yeye kwa mkono wake. Hazifunguliwi."

Gwakisa alicheka kwa adabu. "Shikamoo yangu ulishaipokea, Mwalimu, kwa hiyo niruhusu niseme. Wewe ni sawa na mtu aliyempeleka mgonjwa wa tumbo hospitali, halafu anamkataza daktari asifunue shati."

"Marahaba. Shati halifunuliwi."

Gwakisa akabadilisha waya. Akaleta kioo kingine. Akajaribu umeme wa chumba kingine. Kila mara ulikuwa mlio ule ule. Mwisho akarudisha bisibisi mfukoni, akaaga.

Alikuja fundi wa pili kutoka Mbeya. Naye akataka kufungua, naye akazuiwa, naye akaondoka akitikisa kichwa.

Tangu hapo Mwalimu alijiwekea utaratibu wake. Kila asubuhi, baada ya chai, aliondoa kitambaa, akabonyeza swichi, akasikiliza. Tiiiii. Ti. Ti. Akakaa dakika chache mbele ya kioo cheusi kilichomwonyesha uso wake mwenyewe. Kisha akazima, akafunika.

Sasa nieleze kidogo kuhusu nyumba ile, maana aliyekuwemo humo hajatajwa.

Lugano aliacha mke, Tumpe, na binti mdogo wa miaka miwili, Bupe. Waliendelea kuishi pale pale kwa Mwalimu. Lakini nyumba ile ilifuata desturi ya zamani. Mke wa mtoto hakai mahali alipo baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye, hazungumzi naye. Wakikaribia kukutana njiani, mke hukata kona. Hiyo ndiyo heshima. Vijana wengi wa siku hizi wameiacha, lakini Mwalimu alilelewa nayo, na Tumpe tangu alipoletwa pale hakuwahi kuivunja hata siku moja.

Kati ya sebule na korido ya kwenda jikoni palikuwa na pazia la bluu. Tumpe alipika chai, akapitisha mkono chini ya pazia, akaiweka kwenye kigoda, akakohoa mara moja. Mwalimu akasubiri mpaka hatua zake zifike jikoni, ndipo akaifuata. Miaka minne alimjua mkwe wake kwa kikohozi na kwa pindo la kanga. Uso wake hakuujua. Neno la kumwambia lilipitia kwa Lugano. Lugano alipoondoka, maneno nayo yakakoma. Ikabaki chai na kikohozi.

Hivyo katika nyumba moja walikaa watu wawili waliokuwa wanamlilia mtu mmoja, kila mmoja upande wake wa pazia.

Mwaka ukazunguka. Mvua za mwezi wa tatu zikarudi.

Asubuhi moja ya Alhamisi Mwalimu aliamka, akajaribu kufanya jambo alilozoea kufanya kila akiamka: kuisikia kichwani ile sauti inayosema "Baba, tazama huku."

Maneno yalikuja. Sauti haikuja.

Alikaa kitandani akarudia. Baba, tazama huku. Baba, cheka basi. Yalikuwa maneno tu, kama yameandikwa ubaoni. Alijaribu kwa sauti nene, akajaribu kwa sauti nyembamba. Ile yenyewe ilikuwa imemtoka.

Hakuwahi kuogopa hivyo, hata siku ya mazishi.

Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Dada yake Mwalimu, Syabumi, alikuwa ameshafika tangu Jumatano kusaidia maandalizi. Alikuwa mama mnene, mcheshi, asiyeweza kukaa kimya hata akiwa anakula. Alimkuta kaka yake mbele ya kompyuta, chai imepoa, machozi yanatiririka bila kelele.

"Kaka, kuna nini?"

"Nimesahau sauti yake."

Syabumi akakaa kwenye kiti, akajifuta uso kwa kanga.

Mwalimu akabonyeza swichi. Tiiiii. Ti. Ti.

Nyuma ya pazia, kijiko kilianguka sakafuni. Kisha ikasikika sauti ya chini sana.

"Shangazi."

"Abee, mwanangu."

"Mwambie Baba ni unyevu."

Syabumi akamgeukia kaka yake. "Anasema ni unyevu."

Mwalimu alikuwa amesikia vizuri, pazia lilikuwa hatua tatu tu kutoka alipokaa. Lakini kwa desturi alipaswa kuwa hajasikia. Akasubiri dada yake amalize, ndipo akasema, "Muulize, unyevu wa nini?"

"Unyevu wa nini, mwanangu?"

"Wa mvua, Shangazi. Kila mvua zikikolea, meno ya kadi yanaingia ukungu, kompyuta inashindwa kuiona. Marehemu alikuwa anaitoa, anayasugua meno yake kwa kifutio cha shule, anairudisha. Ilikuwa usiku, Baba akishalala, mimi namshikia tochi."

Syabumi akafungua mdomo arudie, akaona kaka yake amesimama.

"Muulize kwa nini alinyamaza mwaka mzima."

Hapo Syabumi hakuuliza. Alijibu mwenyewe.

"Hakunyamaza. Pasaka nilikuja hapa nikakwambia, kaka, nimesikia hiki kitu kinaweza kufunguliwa kikasafishwa kwa kifutio. Ukanijibu nini?"

Mwalimu akakumbuka. "Hafungui mtu."

"Sasa. Hukuniuliza nimesikia kwa nani."

Mvua ilipiga bati. Mwalimu aliitazama kompyuta, akatazama zile skrubu nyuma yake. Mwaka mzima hakuruhusu kidole cha mtu kizifikie. Kama angezifungua, mkono wa Lugano ungekuwa umetoka pale, usirudi tena. Lakini sauti nayo ilikuwa inaondoka, na Jumamosi watu wangekuja kumkumbuka mtoto wake, naye baba yake angekaa mbele yao akiwa amemsahau.

"Mwambie," akasema polepole, "anielekeze. Nitafungua mimi."

Ndipo kazi ikaanza, na ingekuwa kazi ya kuchekesha kama isingekuwa ya kuhuzunisha.

"Kwanza achomoe waya wa umeme ukutani," ikasema sauti ya nyuma ya pazia.

"Chomoa waya wa umeme ukutani," akasema Syabumi.

"Nimechomoa."

"Amechomoa, mwanangu."

"Alaze kasha ubavu. Afungue skrubu za nyuma, za upande wa kushoto."

"Laza ubavu. Skrubu za kushoto."

Mwalimu alichukua bisibisi ya cherehani ya marehemu mkewe. Aliigusa skrubu ya kwanza, akafumba macho, akazungusha. Alitegemea itakuwa ngumu. Ikazunguka yenyewe, nyepesi kama kifuniko cha chupa, ikadondoka mezani.

Ya pili vile vile. Ya tatu haikuwepo kabisa, palikuwa na tundu tupu.

Mwalimu akasahau desturi. "Mbona zimelegea? Alizikaza mwenyewe!"

Tumpe akajibu moja kwa moja, kabla Syabumi hajarudia swali.

"Hakuwahi kuzikaza, Baba. Alikuwa anazishikiza kwa vidole. Alisema azikazie nini wakati wiki ijayo anafungua tena."

Mwalimu akaishika ile skrubu kiganjani. Kumbe kitu alichokilinda mwaka mzima hakikuwahi kufungwa.

Akavuta bati la ubavu, likatoka. Ndani palikuwa na vumbi jingi, utando wa buibui, na waya nyingi. Katikati ilikuwepo kadi, ndefu kama rula, ina feni yake ndogo. Haikuibwa wala haikuungua. Ilikuwa pale pale alipoiacha Lugano.

"Kuna kibano kidogo mwisho wa mfereji ilimochomekwa kadi," sauti ikasema. "Akibonyeze, aivute kadi juu taratibu."

"Kuna kibano kid..." Syabumi akaanza, kisha akapiga mapaja yake kwa viganja. "Jamani eeh! Mimi nimechoka kuwa waya. Huyu anasema, yule anasikia, halafu mnanisubiri mimi nirudie kama kasuku. Mungu mwenyewe anawashangaa. Semeni wenyewe, mimi naangalia ndizi zangu jikoni."

Akainuka, akapita kwenye pazia, akaenda.

Walikuwa wawili tu, na pazia.

"Mama Bupe," Mwalimu akaita. Tangu aletwe pale, hakuwahi kumwita mwenyewe.

"Abee, Baba."

"Nimeitoa."

"Geuza chini, Baba. Kuna meno yenye rangi ya dhahabu. Unayaona?"

"Yamekuwa meusi."

"Huo ndio ukungu."

Kifutio hakikumsumbua Mwalimu. Kwenye droo alikuwa navyo kumi na viwili, kutoka kwa wanafunzi wa miaka yote. Akakaa chini, akasugua jino moja moja, kwa subira ile ile aliyofutia makosa ya watoto kwenye madaftari. Weusi ukatoka. Dhahabu ikaanza kung'aa. Akafuta kwa kitambaa kikavu, akairudisha kadi kwenye mfereji wake, akachomeka umeme.

"Niwashe?"

"Washa, Baba."

Tiiiii. Ti. Ti.

Mwalimu akakiinamia kioo cheusi. Mabega yakamshuka.

"Baba, imeingia mpaka mwisho? Ulisikia 'ta'?"

"Sikusikia kitu. Nimeiweka tu."

"Chomoa umeme kwanza. Inabidi uisukume kwa nguvu mpaka ilie 'ta'. Usiiogope."

Akachomoa. Akasukuma. Haikulia. Aliogopa kuivunja, na kila alipoogopa vidole vilikosa nguvu. Akajaribu mara ya pili. Mara ya tatu ikapinda kidogo, akaiachia haraka kama mtu aliyeungua.

"Siwezi, Mama Bupe. Nitaivunja. Nitakivunja kitu chake."

Nyuma ya pazia hatua zilisogea karibu, zikasimama.

Mwalimu aliangalia lile pazia la bluu. Alikuwa amelinunua mwenyewe, wiki Tumpe alipoletwa. Alikumbuka maneno ya Gwakisa: yenyewe ni nzima, ina akili zake zote na kumbukumbu zake zote. Haioni tu.

"Ingia," akasema.

"Baba?"

"Ingia uifunge wewe."

"Baba, mimi nitakuona."

"Nionekane, basi."

Pazia likatikisika, likatulia, likatikisika tena. Tumpe akaingia ameinamisha kichwa, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, miguu mitupu. Hakumtazama. Alipiga magoti mbele ya kompyuta, akaweka vidole gumba viwili juu ya kadi, akavuta pumzi, akasukuma.

Ta.

"Hivyo," akasema, na bila kutaka akatabasamu kwa ile kazi.

Mwalimu akaona mwanya kwenye meno yake ya mbele. Siku zote alidhani mwanya wa Bupe umetoka kwa bibi yake. Kumbe ulikuwa wa mama yake.

"Washa," akamwambia.

Tumpe akachomeka umeme, akabonyeza swichi. Feni ikavuma.

Ti.

Mlio mmoja tu, mfupi, kama mtu anayeitika jina lake. Kioo kikawa cha kijivu, kikawa cha bluu, kikawaka.

Tumpe alijua pa kwenda. Akafungua sehemu moja, akafungua nyingine, akafika palipoandikwa BABA KUSTAAFU. Palikuwa na faili mbili. Akafungua ya kwanza.

Uwanja ukatokea, na mahema, na Mwalimu mwenyewe ndani ya suti, amekaa wima kama anasubiri mkaguzi. Kisha sauti ikatoka, kubwa, ya karibu, yenye kicheko ndani yake.

"Baba, tazama huku. Baba! Cheka basi, huu si mtihani."

Mwalimu akashika meza kwa mikono miwili. Ndiyo. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo mwishoni. Angewezaje kuusahau mkwaruzo ule?

Wakaisikiliza mpaka mwisho. Wakairudia mara tatu. Syabumi alikuwa amerudi, amesimama na mwiko mkononi, analia waziwazi.

"Ndaga, Mama Bupe," Mwalimu akasema. Asante. "Sasa Jumamosi nitajua ninamkumbuka nani. Sura yake sina, lakini sauti inanitosha."

Tumpe alisita. Mkono wake ulikuwa bado juu ya meza.

"Kuna hii ya pili, Baba."

"Nayo ni ile ile?"

"Hapana. Hii niliipiga mimi, kwa simu yake."

Akafungua.

Picha ilitikisika mwanzoni. Pembeni palionekana ubao wa dirisha na ncha ya sufuria. Ilipigwa kutoka ndani ya jiko. Kwa mbali, uwanjani, wageni walikuwa wanakula, na Mwalimu alikuwa peke yake kwenye kiti cha heshima. Ndipo akaingia kijana mrefu mwenye shati la mistari, kamera inaning'inia shingoni.

Lugano.

Alipiga magoti mbele ya baba yake, akamfunga kamba ya kiatu iliyofunguka. Akainuka, akamnyoosha tai. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama pale amemshika baba yake mabega, anamtazama, kama mtu anayeangalia kazi yake nzuri. Mwalimu wa kwenye kioo akasema jambo. Lugano akacheka, kichwa nyuma, meno yote nje.

Kisha akageuka kuelekea jikoni, moja kwa moja kwenye dirisha, akapaza sauti: "Umetuchukua? Wote wawili?"

Sauti ya mwanamke, ya karibu, ya chini, ikajibu: "Nimewachukua."

Picha ikaisha.

Mvua ilikuwa imepungua. Mwalimu aliuliza kama mtoto:

"Kwa nini ulipigia dirishani? Kwa nini hukutoka nje?"

Tumpe akainamisha kichwa.

"Ulikuwepo uwanjani, Baba."

Mwalimu aliinuka. Alikwenda kwenye pazia la bluu, akaushika waya uliolishikilia, akauvuta mpaka msumari ukatoka ukutani. Akalikunja pazia mara mbili, akaliweka juu ya redio. Syabumi akainama, akauokota msumari.

Jumamosi watu walikuja. Baada ya ibada walijazana sebuleni, na kila mmoja alimwona Lugano akicheka. Gwakisa fundi naye alikuwepo. Alipoambiwa ugonjwa ulikuwa unyevu na dawa ilikuwa kifutio, alijipiga kofi kwenye paji la uso. Alipouliza fundi alikuwa nani, Mwalimu alinyoosha mkono kumwonyesha mwanamke aliyekaa kwenye kiti kando yake, amempakata Bupe.

"Mkwe wangu," akasema. "Alikuwa humu humu."

Jumapili asubuhi mvua ilinyesha tena. Tumpe alileta chai, akaiweka kwenye kigoda pale pale penye korido, na kwa mazoea akakohoa mara moja, akageuka aondoke.

"Mama Bupe."

"Abee, Baba."

"Usikohoe. Leta na kikombe chako."

Funzo: Kompyuta ile ililia mwaka mzima kwamba haioni kadi, na kadi ilikuwa ndani yake, basi unapomlilia aliyeondoka, mtazame kwanza usoni aliyebaki, maana huenda unachokitamani amekutunzia yeye, anangoja tu umwambie aingie.